Mlango unaong'aa usilete sumu nyumbani

WATU wanapozungumzia afya ya nyumba hutaja maji safi, choo, chandarua na madirisha ya kuingiza hewa. Mlango hutajwa kwa sababu ya wezi tu. Kitasa kiwe imara, bawaba zisilie, na rangi ipendeze machoni pa wageni. Likija suala la rangi yenyewe, mwenye nyumba humwachia fundi, fundi humwachia mwenye duka, naye mwenye duka huuza alicho nacho. Katika safu hiyo ya watu watatu, ni nadra kumpata mmoja anayeuliza iwapo rangi hiyo inaweza kumdhuru mtoto ambaye atakuwa akiushika mlango huo kutwa kucha.

Maoni yangu ni kwamba rangi ya mlango ni jambo la afya kabla ya kuwa jambo la urembo, na kwamba familia zinazojenga katika sehemu za mbali kama Sangailu ndizo zinazostahili kuelezwa hivyo mapema zaidi kuliko sisi wa mijini.

Sangailu ni kituo kidogo kusini mwa kaunti ya Garissa, katika eneo la Ijara, si mbali na msitu wa Boni na mpaka wa kaunti ya Lamu. Ni nchi ya wafugaji, hasa wa ng'ombe. Kwa vizazi vingi nyumba ya mfugaji wa Kisomali imekuwa herio, yaani nyumba ya fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka, inayobomolewa na kubebwa na mnyama wakati wa kuhama. Herio haina mlango wa kupakwa rangi. Lakini watu wanapotulia mahali pamoja, karibu na shule, kisima na zahanati, hujenga nyumba za kudumu za udongo au mawe, wakaezeka mabati na kutia milango ya mbao au ya chuma. Milango hiyo ni mipya, na wakazi wengi wanaipaka rangi kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo wao.

Baadhi ya wasomaji wa gazeti hili wana jamaa huko. Wanaishi Eastleigh, South C au Garissa mjini, na ndio wanaotuma pesa za ujenzi. Wakati mwingine ndio wanaonunua makopo ya rangi na kuyapakia kwenye basi. Kwa hivyo maneno haya yanawahusu wao kwanza, hata kama mlango wenyewe uko mamia ya kilomita kutoka hapa.

RISASI ISIYO NA MLIO

Wakazi wa Kaskazini Mashariki hawahitaji kufundishwa maana ya neno risasi. Wameizoea ile ya bunduki kuliko walivyopenda. Lakini madini hayo hayo ya risasi yalitiwa kwenye rangi za mafuta kwa miaka mingi, tena kwa makusudi. Yaliifanya rangi ikauke haraka, ing'ae, ishike vizuri na isichujuke juani. Rangi za njano, nyekundu na kijani kibichi zilipata ukali wake kutokana na unga wenye madini hayo. Rangi ya kwanza ya kuzuia kutu kwenye chuma nayo ilitengenezwa kwa risasi nyekundu.

Madini haya yakiingia mwilini hayana kazi yoyote yenye manufaa. Hufuata damu hadi kwenye ubongo, figo na ini, kisha hujificha katika meno na mifupa kwa miaka mingi. Mama akishika mimba, risasi iliyolala katika mifupa yake huweza kurudi kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutoka kwa kiasi kile kile alichomeza.

Ubaya wa sumu hii ni upole wake. Mtoto hapigi kelele. Anapoteza hamu ya kula, anaumwa na tumbo, anakosa choo, anapungukiwa na damu, anakuwa mkali bila sababu, anakawia kusema, anashindwa kutulia darasani. Mzazi hudhani ni minyoo, mwalimu hudhani ni utundu, na mhudumu wa afya aliyelemewa na wagonjwa wa malaria huandika dawa ya malaria. Sumu ikizidi sana ndipo huja kifafa, kupoteza fahamu na hata kifo. Akili iliyopungua kwa sababu ya risasi hairudishwi na dawa.

Wala tusidhani hili ni jambo la watu wachache. Ripoti ya UNICEF na shirika la Pure Earth iliyotolewa mwaka wa 2020 ilikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, yaani hadi milioni 800, ana risasi ya mikrogramu 5 au zaidi katika kila desilita ya damu. Hiyo haitoki kwenye rangi pekee. Inatoka pia kwenye betri kuukuu, vyungu vilivyopakwa vioo, viungo vilivyochanganywa na unga wa rangi, na kadhalika. Hata hivyo rangi ni chanzo tunachokileta nyumbani kwa mikono yetu na kukilipia.

Hapa Kenya tumekwisha kuonja uchungu wa madini haya. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Mwezi wa Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamua walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo mwaka wa 2023, na Mahakama ya Juu ikaurejesha mwezi wa Desemba 2024. Chanzo cha sumu kule kilikuwa moshi na maji taka ya kiwanda, lakini madini ni yale yale, na miili iliyoumia ni ya watoto kama wetu.

KWA NINI MLANGO?

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tuuandame mlango na kuuacha ukuta. Jibu ni kwamba ukuta umesimama tu, ilhali mlango unafanya kazi. Hufunguliwa na kufungwa mchana kutwa. Ukingo wake husugua mwimo, upande wa chini hukwaruza kizingiti, na upepo wa kiangazi huubamiza. Kila msuguano hutoa vumbi la rangi lisiloonekana kwa macho. Vumbi hilo huanguka sakafuni, mahali pale pale mtoto anapotambaa, na mkono wake huenda kinywani kabla mama hajageuka.

Aidha, mlango hushikwa na kila mtu. Mtoto anayejifunza kusimama hushikilia mwimo, na akiota meno huuma chochote kilicho karibu naye. Maganda ya rangi yenye risasi yana utamu kidogo, jambo linalomfanya mtoto arudie. Jua la Garissa halisaidii. Mlango wa chuma unaotazama magharibi hupata moto mkali alasiri na kupoa usiku, chuma kikatanuka na kunywea, na rangi ya mafuta iliyokakamaa ikapasuka na kubanduka vipande vipande.

Hekima hii si ngeni duniani. Mwaka wa 1904 daktari J. Lockhart Gibson wa mji wa Brisbane, Australia, aliandika kwamba watoto wa huko walikuwa wakipata sumu kutokana na rangi ya nyumba zao, hasa kwenye vizuizi vya roshani walivyovishika kwa vidole na kisha kuvitia vidole kinywani. Brisbane nayo ni nchi ya jua kali linalovuruga rangi. Ufaransa ilipitisha sheria dhidi ya rangi ya risasi nyeupe mwaka wa 1909, na Shirika la Kazi Duniani likaweka mkataba wa kuwalinda wapaka rangi mwaka wa 1921. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka wa 1978. Ulimwengu umejua kwa zaidi ya miaka mia moja, ila habari hazijafika kila duka.

MNG'ARO UPI UNAFAA?

Sasa tuje kwenye swali ambalo watu huuliza dukani. Mafundi wetu hugawa rangi kwa mng'aro wake. Kuna glosi, ambayo hung'aa kama kioo. Kuna nusu glosi, ambayo hung'aa kiasi. Na kuna isiyong'aa kabisa, ambayo wengi huipenda ukutani kwa sababu huficha makosa ya fundi.

Kwa mlango, rangi isiyong'aa haifai. Uso wake una vinyweleo vinavyoshika vumbi, mafuta ya mikono na masizi ya jikoni. Ukijaribu kuusugua kwa sabuni, uchafu unatoka pamoja na rangi. Nyumba yenye watoto, ambamo mtu mmoja akiugua tumbo mikono yote huendelea kugusa kitasa kile kile, inahitaji mlango unaoweza kuoshwa kwa sabuni na maji mara kwa mara bila kuharibika.

Kwa hivyo nashauri nusu glosi kwa milango ya vyumba vya ndani, na glosi kwa mlango wa nje, wa jikoni na wa bafu. Glosi hustahimili maji na kusuguliwa, lakini ina masharti. Huonyesha kila kovu la mbao, basi lazima mlango usawazishwe vizuri kabla ya kupakwa. Tena rangi ya mafuta hukawia kukauka, na katika nchi ya vumbi kama Sangailu upepo ukivuma mchana utaupata mlango uliojaa chembe za mchanga. Fundi mwerevu huanza alfajiri, kivulini, mlango ukiwa umetolewa kwenye bawaba na kulazwa juu ya vigingi.

Jambo la pili ni rangi ya mafuta au ya maji. Zamani rangi ya maji ilikuwa ya ukutani tu. Siku hizi zinauzwa rangi za maji zenye mng'aro zilizotengenezwa kwa ajili ya mbao na chuma. Hazina harufu kali, brashi huoshwa kwa maji, na hustahimili jua bila kukakamaa haraka kama zile za mafuta. Rangi ya mafuta, kwa upande mwingine, hutoa mvuke wa tapentaini unaoleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kuwachokoza wenye pumu. Ikibidi kuitumia, chumba kiachwe wazi na mama mjamzito na watoto walale kwingine hadi harufu iishe. Na tapentaini isiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto akiinywa, asilazimishwe kutapika, kwa sababu mafuta hayo yakiingia kwenye mapafu huua. Akimbizwe hospitali.

Kwa mlango wa chuma, rangi ya maji isipakwe moja kwa moja kwenye chuma kitupu kwa sababu italeta kutu. Lazima kwanza kuwe na rangi ya kuzuia kutu. Hapo ndipo pa kuuliza kwa makini. Ile ya rangi ya hudhurungi iliyozoeleka hutengenezwa kwa kutu ya chuma na haina ubaya huo, lakini ile ya risasi nyekundu, ambayo huelekea rangi ya machungwa, haifai nyumbani hata ikitolewa bure.

Tukumbuke pia joto. Mlango wa chuma uliopakwa rangi nyeusi au kijani kilichokolea huwa kama kikaango jua likiupiga, na joto hilo huingia ndani. Rangi ya maziwa, kijivu hafifu au nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Huonyesha uchafu mapema, ndiyo, lakini uchafu unaoonekana ndio unaooshwa.

JINSI YA KUNUNUA

Viwango vya Kenya vya sasa, vinavyosimamiwa na shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, vinataka rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa milioni. Maana yake ni miligramu 90 katika kilo moja ya rangi iliyokauka. Hicho ndicho kiwango kinachopendekezwa pia na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake Nairobi. Ili msomaji aone tofauti, uchunguzi wa rangi za mafuta zilizonunuliwa madukani katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, katika miaka ya 2010 ulipata makopo yaliyozidi sehemu 10,000 kwa milioni. Zilizoongoza kwa ubaya zilikuwa njano na nyekundu. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwa hivyo mnunuzi afanye mambo manne. Atafute kopo lenye alama ya ubora ya KEBS na jina na anwani ya mtengenezaji. Asome iwapo limeandikwa kwamba halina risasi. Aangalie tarehe ya kutengenezwa, maana kopo lililokaa rafuni tangu kabla ya viwango kukazwa laweza kuwa la zamani kwa kila hali. Na asikubali rangi iliyopimwa kutoka kwenye pipa na kutiwa katika mkebe usio na maandishi, hata bei ikiwa nusu. Anayetaka rangi ya kuvutia sana na hana uhakika na kopo, achague nyeupe au ya maziwa badala ya njano kali.

Wengine husema rangi salama haiwezi kutengenezwa kwa bei ya mwananchi. Si kweli. Weupe wa rangi za kisasa hutokana na titani, na malighafi yake ilichimbwa katika mchanga wa Kwale kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024. Njano na nyekundu zina unga mbadala usio na risasi, na viwanda vingi vimekwisha kubadilisha. Kinachobaki ni kuwanyima soko wale wasiotaka kubadilika.

MLANGO WA ZAMANI

Je, vipi mlango uliokwisha kupakwa miaka kumi au ishirini iliyopita? Huwezi kuijua risasi kwa kutazama. Kama hujui historia ya rangi hiyo, ichukulie kwamba inayo.

Hatari kubwa kuliko zote huletwa na fundi mwenye bidii anayetaka kuanza upya. Huchukua msasa mkavu akasugua mlango sebuleni mpaka chumba kikajaa unga, au huichoma rangi kwa moto wa gesi. Njia hizo mbili zikatazwe kabisa. Msasa mkavu hutawanya sumu nyumba nzima, na moto huigeuza kuwa mvuke wa kupumuliwa.

Rangi ya zamani ikiwa bado imeshika, usiibandue. Ioshe kwa sabuni, ipitishe msasa uliolowa maji kidogo tu, kisha ipake juu yake tabaka jipya. Mlango ukiwa unakwaruza mwimo, rekebisha bawaba ili usikwaruze tena. Rangi ikiwa inabanduka, mlango utolewe nje mbali na watoto, kisima na zizi, utandazwe nailoni chini yake, rangi ilowanishwe na kukwaruzwa ikiwa mbichi. Maganda yafungwe ndani ya nailoni hiyo na kuzikwa mbali. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa kilicholowa, isifagiliwe kwa ufagio mkavu. Fundi afunge pua na mdomo, aoge na kubadilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto wake.

Ningependa kuwakumbusha mafundi jambo moja ambalo hawatalipenda. Kutafuna miraa huku ukipaka au kukwaruza rangi ni kuila rangi hiyo. Mkono unaoshika msasa ndio unaochuma jani. Afadhali mtu anawe kwanza, na vinginevyo asubiri kazi iishe.

MAKOPO, KUNI NA MIFUGO

Kuna hatari nyingine ambayo mtu wa Nairobi haifikirii. Katika kijiji cha wafugaji hakitupwi kitu. Ndoo ya rangi ikimalizika hugeuka chombo cha maji, na mkebe mdogo hugeuka kipimo cha unga au chombo cha kunyweshea ndama. Kuuosha hakutoshi, kwa kuwa rangi huganda kwenye mikunjo. Vyombo hivyo visirudi jikoni wala kisimani.

Madaktari wa mifugo wanajua vizuri kwamba ng'ombe ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika mara nyingi na risasi. Ng'ombe hulamba. Atalamba kopo la rangi, betri iliyotupwa au lango lililopakwa rangi ya zamani, kisha atapofuka, atasaga meno, atazunguka zunguka na kufa. Asipokufa, risasi hupita kwenye maziwa. Kwa mtu ambaye mali yake yote ina miguu minne, kopo lililotupwa nyuma ya nyumba laweza kumfilisi.

Na mlango uliokufa usigeuzwe kuni. Mbao yenye rangi ya zamani ikiwashwa jikoni hujaza chumba moshi wenye sumu, na majivu yake hubaki na risasi. Majivu hayo yasisuguliwe sufuria wala kutupwa mahali watoto wanapochezea.

'TUNA SHIDA KUBWA KULIKO RANGI'

Najua atakayesimama na kusema kwamba Sangailu ina shida za kweli, kama ukame, njaa, usalama na umbali wa hospitali, na kwamba kuongea juu ya mng'aro wa milango ni mzaha wa watu walioshiba. Hoja hiyo nina heshima nayo, lakini sikubaliani nayo.

Kwanza, njaa na risasi hazitembei mbalimbali. Mwili wenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi, na tumbo tupu hufyonza zaidi kuliko lililoshiba. Kwa hivyo kiasi cha vumbi ambacho kingemdhuru kidogo mtoto wa Nairobi aliyekunywa uji, kitamdhuru zaidi mtoto aliyelala bila chakula wakati wa ukame. Maziwa, nyama, maharagwe na matunda ni sehemu ya kinga hii. Mama wajawazito wanaotafuna udongo nao waelewe kwamba wanaweza kutafuna pamoja nao vumbi la rangi au la betri.

Pili, shida hii ni rahisi kuizuia kuliko nyingine zote zilizotajwa. Mvua hainunuliwi, bali kopo salama la rangi linanunuliwa. Matibabu ndiyo magumu. Dawa ya kutoa risasi mwilini ipo, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaipendekeza kwa watoto wenye mikrogramu 45 au zaidi kwa desilita ya damu, lakini inahitaji hospitali kubwa na vipimo visivyopatikana katika zahanati. Hata huko, hatua ya kwanza ya daktari ni kuuliza sumu imetoka wapi na kuiondoa. Tukiiondoa kabla haijaingia nyumbani tumemaliza kazi ya daktari.

Tatu, tumewahi kufaulu. Kenya iliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, ikafuata mwaka wa 2021. Watu walisema magari yataharibika na bei zitapanda. Magari bado yanatembea.

WAJIBU WA WAKUBWA

Mnunuzi peke yake hawezi kubeba mzigo huu. Anayekaa Sangailu hana maabara, na mkaguzi wa Nairobi si mgeni wa kila wiki huko. Kiwango kilichoandikwa vizuri katika jiji kuu hakimlindi mtu ikiwa makopo yaliyokataliwa mijini yanaweza kusafirishwa hadi pembezoni na kuuzwa pasipo kuulizwa. Wakaguzi waanzie huko kwenye maduka madogo ya mwisho wa barabara, wanunue makopo kama mnunuzi wa kawaida, wayapime, na matokeo yatangazwe kwa majina ya rangi.

Kamati zinazojenga madarasa na zahanati kwa fedha za umma zina nguvu kubwa zaidi. Shule moja ina milango na madirisha kuliko boma kadhaa zikiwekwa pamoja, na hushikwa na watoto mamia kila siku. Mkataba wa ujenzi uandikwe waziwazi kwamba rangi zote, pamoja na ya kuzuia kutu, zisizidi sehemu 90 kwa milioni, na mwanakandarasi alete cheti kabla ya kulipwa. Maneno hayo hayaongezi hata shilingi moja kwenye gharama ya karatasi.

Wahudumu wa afya nao, wanapompata mtoto mwenye upungufu wa damu usiopona au maumivu ya tumbo yasiyoeleweka, waongeze swali moja katika yale wanayouliza: je, nyumbani kumekwaruzwa rangi au kumevunjwa betri hivi karibuni?

Na wewe msomaji unayetuma kopo nyumbani kwa basi la usiku, kinga ni bora kuliko tiba. Kabla ya kuuliza kama rangi hiyo itang'aa, muulize mwenye duka kama ina risasi. Akishindwa kukujibu, nenda duka linalofuata.